Deka Ipimwe Kwanza Ndipo Iitwe Dawa

Nashika kalamu si kwa ugomvi, ila kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni tangu muhula uliopita kama mbegu ya deka, na ukurasa huu wa maoni ndio uwanja tuliopewa wanachama wa Chama cha Kiswahili kusema yetu bila kupigiwa kengele.

Jambo lenyewe ni chati. Nyote mliopita kando ya maabara mmeiona: karatasi kubwa ya manila, imechorwa maua pembeni, na juu kabisa kwa wino mwekundu imeandikwa DAWA YA UVIMBE KUTOKA MATUNDA YA ISIOLO. (Nimewatafsiria. Chati yenyewe ni ya Kiingereza, na huo ni ugomvi wa siku nyingine.) Ni kazi ya wenzetu wa chama cha sayansi. Wanaitayarisha kwa Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi, yale ambayo wazazi wetu waliyajua kama Kongamano la Sayansi, na wakishinda katika kaunti wataendelea hadi kanda, na Mungu akipenda hadi taifa.

Nataka nieleweke tangu mwanzo. Kazi hiyo ni nzuri. Tumechoka kuona sabuni ya maji na mitego ya panya kila mwaka. Safari hii kuna watu wametoka na ndoo hadi vichakani, wakachomwa na miiba, wakarudi na kitu cha kwetu. Ninachopinga ni neno moja tu, nalo ni lile la kwanza. Neno "dawa" halijafika bado. Liko njiani, na pengine halitafika kamwe, na sisi kama shule hatuna ruhusa ya kulitanguliza.

Kwa mwalimu aliyehamishiwa hapa juzi na bado anauliza kama Isiolo huota kitu chochote kando na miiba, matunda yenyewe ni matatu. La kwanza ni deka. Ni kijitunda chekundu kinachokaribia rangi ya chungwa, kimegawanyika vichwa viwili, vitatu au vinne, nyama yake chembamba na mbegu zake ngumu. Waturkana hukiita eng'omo na Wasomali dhafaruur. La pili ni mader, lenye utelezi unaonata vidoleni hata ukinawa. La tatu ni dagamsa, ambalo Wakikuyu huliita mukawa, na kichaka chake Wamasai hukiita olamuriaki. Dagamsa huwa jekundu kisha jeusi linapoiva, na hupatikana zaidi ukipanda kuelekea miteremko ya Meru. Nani kati yetu hajawahi kurudi nyumbani na ulimi wa zambarau kwa ajili yake?

Wazee wetu hawakuyala kwa njaa tu. Deka husemwa kuwa huongeza damu, na si hapa kwetu pekee: nchini Sudan tunda hilohilo huitwa guddaim, na akina mama waliojifungua hupikiwa uji wake. Waliolipima wameliona kuwa na madini ya chuma. Katika ukame ule wa misimu mitano ya mvua iliyokosekana, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, familia nyingi za wafugaji ziliyarudia matunda ya porini kwa sababu duka halikuwa na huruma. Hayo peke yake yanatosha kuliheshimu tunda. Si lazima liwe dawa ndipo liwe na maana.

Sasa tuingie maabara.

Niliwauliza wenzetu walivyofanya, nao hawakunificha. Walinunua deka zilizokaushwa, wakazitwanga, wakaziloweka kwenye maji usiku kucha, wakachuja kwa kitambaa. Maji hayo makali, ndiyo dondoo. Wakavunja yai, wakachukua ute mweupe wakauchanganya na maji. Tyubu moja wakatia ute peke yake, tyubu nyingine ute pamoja na dondoo, wakaziweka zote katika maji ya moto. Ile ya ute peke yake ikawa na ukungu mzito kama maziwa. Ile yenye dondoo ikabaki na uangavu. Wakashangilia, na nani angewalaumu? Wakaandika: dondoo ya deka huzuia uvimbe.

Kipimo hiki cha yai si cha kuchekwa. Hutumika hata vyuo vikuu kwa sababu ni rahisi na hakiui mnyama. Ute wa yai ni protini, na protini ikipashwa joto hujikunja vibaya na kuganda. Dawa za uvimbe kama diklofenaki zimeonekana kuzuia kuganda huko. Kwa hiyo mtu husema, kama dondoo yangu nayo inazuia, huenda ina tabia kama ya dawa. Mnaona hilo neno "huenda"? Ndilo lililodondoka njiani kati ya daftari na chati.

Maana tujiulize, deka ina nini ndani? Ina sukari, na sukari kwa kawaida huifanya protini istahimili joto zaidi. Ina uchachu, na uchachu hubadilisha jinsi protini inavyoganda. Ina tanini, ile inayokausha ulimi kama chai iliyochemka kupita kiasi, na tanini hushikamana na protini yoyote inayokutana nayo, iwe ya yai, ya mate au ya ngozi ya ng'ombe anayetengenezwa viatu. Kwa hiyo tyubu ile huenda ilibaki angavu kwa sababu ya dawa. Au kwa sababu ya sukari ambayo ningeweza kuipata kwenye kioski kwa shilingi kumi. Wenzetu hawawezi kutuambia ni ipi, kwa sababu walikuwa na tyubu mbili tu.

Dagamsa lina shida nyingine, nayo ni rangi. Ule weusi wa zambarau hutokana na kemikali ziitwazo anthosianini, na hizo ndizo zinazosifiwa dunia nzima kila mtu anapotaka kuuza matunda ya rangi nyeusi. Ukipima ukungu kwa kuangalia mwanga unaopita, rangi nayo humeza mwanga. Utajuaje kilichomeza ni yai lililoganda au ni tunda? Hata wakubwa hukumbana na mtego huu. Kuna kipimo mashuhuri vyuoni ambapo kimiminika cha zambarau hufifia kikikutana na dondoo yenye nguvu ya kupambana na uchakavu wa seli. Mashine husoma kufifia huko kwenye mwanga wa nanomita 517. Anthosianini zenyewe humeza mwanga karibu na nanomita 520. Yaani unapima zambarau kwa zambarau. Asiyepima dondoo peke yake kwanza, kisha akaitoa katika hesabu, huandika namba tu za kupendeza macho.

Na kabla ya hayo yote kuna hatua ambayo haimo kabisa kwenye chati: kuhakikisha kuwa mmea ni ule mnaoutaja. Dagamsa ana binamu. Ni mti wa ukoo uleule, maua yake meupe yananukia vizuri vilevile, na matunda yake mtu wa haraka atayadhania ni yayohayo. Lakini binamu huyo hana miiba, na utomvu wa magome na mizizi yake ndio uliochemshwa tangu kale kuwa sumu ya mishale. Msichana wa mjini akitumwa akachume "yale meusi ya kule mlimani" aweza kurudi na msiba ndani ya ndoo. Tawi lenye majani, maua na tunda likikaushwa kati ya magazeti laweza kupelekwa Nairobi, kwenye hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki iliyoko Makumbusho ya Taifa, wakalitambua kwa jina la kisayansi. Kazi ya barua moja. Mwalimu wa baiolojia najua unasoma.

Basi turudi kwenye neno uvimbe, maana nalo tumelitumia kwa wepesi. Mrumi mmoja aitwaye Celsus, katika karne ya kwanza, alitaja dalili zake nne ambazo bado zinafundishwa: wekundu, joto, kuvimba na maumivu. Uvimbe wa namna hiyo si adui wakati wote. Ukichomwa na mwiba, damu hukimbilia pale, askari wa mwili hushuka, na ngozi huwaka moto ili vijidudu visipite. Shida ni pale askari wanapokataa kurudi kambini, kama katika baridi yabisi ambapo mwili huyashambulia maungio yake wenyewe mwaka baada ya mwaka. Mwingereza John Vane alionyesha mwaka 1971 kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, ambazo ni miongoni mwa tarumbeta zinazowaita askari hao. Mwaka 1982 akashiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Ute wa yai hauna damu, hauna askari wala tarumbeta. Hauwezi kuvimba. Ndiyo sababu kipimo cha yai ni mlango tu, na chumba kiko mbali.

Chumba chenyewe kikoje? Kuna kipimo kilichoelezwa mwaka 1962 na watafiti watatu wa Marekani, Winter, Risley na Nuss, na hadi leo kinatumika. Panya wa maabara hudungwa kwenye unyayo karajini, kitu kinachotokana na mwani wa baharini, na unyayo huvimba ndani ya saa chache. Kundi moja la panya limepewa dondoo mapema, kundi la pili dawa inayojulikana, kundi la tatu maji ya chumvi tu. Kisha unyayo hupimwa saa baada ya saa. Sishauri hata kidogo tufanye hivyo hapa shuleni. Panya huumia, na kazi hiyo huhitaji kibali na watu waliofunzwa. Naitaja ili mwone idadi ya milango iliyobaki. Na panya akipona, bado ni panya.

Mlango wa mwisho ni binadamu, na hapa nina mfano utakaowafurahisha wakimbiaji wetu. Mwaka 2010 Glyn Howatson na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu 20 waliokimbia London Marathon. Baadhi walikunywa juisi ya cheri chungu siku tano kabla ya mbio, siku yenyewe na siku mbili baadaye. Wengine walikunywa kinywaji cha kuigiza kisicho na cheri. Waliokunywa cheri walirudisha nguvu za misuli mapema zaidi, na alama za uvimbe katika damu yao zilikuwa chini. Kwa mtu mwenye haraka, hapo ndipo hadithi inaishia na chupa inaanza kuuzwa.

Lakini mwaka 2013 watafiti wengine huko Marekani walichapisha matokeo ya kuwapa juisi ya cheri chungu wagonjwa wa magoti yaliyochakaa, kila mgonjwa akipewa kwa zamu juisi halisi na ya kuigiza bila kujua ni ipi. Kipimo kimoja cha uvimbe katika damu kilishuka. Maumivu je? Wagonjwa walisema wamepata nafuu, ila nafuu hiyo haikuwapita kwa maana walipokuwa wanakunywa ile ya kuigiza. Mnaona mambo hayo? Tunda ni lilelile. Namba kwenye karatasi ya maabara ikashuka, goti likabaki vilevile.

Tena kuna swali la kiasi. Ndani ya tyubu unamwaga dondoo upendavyo. Ukila matunda, tumbo na ini huyachambua kwanza, na kwa anthosianini mara nyingi kinachopatikana bado kizima katika damu na mkojo hakifiki hata asilimia 1 ya ulichokula. Idara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na orodha kubwa ya vyakula na nguvu zao za tyubu, na mwaka 2012 ikaiondoa yenyewe, kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wakiitumia kuuzia watu ahadi ambazo tyubu haikuzitoa.

Najua wapo watakaoniambia: "Wewe nawe! Ni chati ya shule tu, itachanika Desemba. Kelele zote hizi za nini?"

Nitawaambia za nini. Nyanya yangu ana baridi yabisi. Vidole vyake vimepinda kama mizizi ya mgunga, na kwa miaka kadhaa amekuwa akimeza vidonge alivyoandikiwa na daktari, ambavyo havimponyi lakini vinawashikilia wale askari wasiharibu zaidi. Mwaka jana mchuuzi mmoja alipita nyumbani na chupa za maji meusi. Akasema ni matunda ya porini, hayana kemikali (kana kwamba kuna kitu duniani kisicho na kemikali), kisha akatoa neno lililommaliza nyanya: "Imepimwa, mama. Wasomi wameipima." Hakusema wasomi gani, wala waliipima kwa nini na nani alikuwa hapo. Nyanya hakuuliza. Yeye hakwenda shule, na kwa sababu hiyo anaiheshimu shule kuliko sisi tuliomo ndani yake. Aliacha vidonge kwa wiki sita. Kufikia wiki ya nne hakuweza kuinua birika, na dada yangu ndiye aliyemvalisha kanga. Alirudishwa kwa daktari, vidonge vikaanza upya, lakini kidole kimoja cha mkono wa kulia hakikunyooka tena.

Yaliyokuwa ndani ya chupa siyajui. Inajulikana tu kuwa katika nchi mbalimbali chupa na poda za namna hiyo zimepelekwa maabara zikakutwa zimechanganywa kisirisiri na diklofenaki au deksamethasoni, ndiyo maana mnywaji huona maajabu siku ya kwanza. Mitishamba inayouzwa kama dawa Kenya inapaswa kusajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Ukiuziwa mlangoni, uliza namba ya usajili uone mtu anavyokumbuka ghafla kwamba ana safari.

Sasa jiulizeni: chati yetu ikishinda kaunti, mtangazaji wa redio akisema asubuhi kwamba shule moja ya Wabera imegundua dawa ya uvimbe, habari hiyo itafika Bulla Pesa saa ngapi? Itafika Kinna na Garba Tulla lini? Nawahakikishia itafika kabla ya matatu. Na mchuuzi yule hatahitaji tena kusema "wasomi". Atakuwa na jina letu.

Wala si mambo ya kubuni. Mnakumbuka, au mmesimuliwa, habari za Loliondo. Mwaka 2011 Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri katika kijiji cha Samunge nchini Tanzania, alikuwa akitoa kikombe kwa shilingi 500 za huko akisema ameoteshwa na Mungu. Maelfu walimiminika, Wakenya wakiwemo, foleni ya magari ikajaza kilomita na kilomita za barabara ya vumbi, na watu kadhaa walifariki wakisubiri. Madaktari wakabaki kuwasihi wagonjwa wa Ukimwi na kisukari wasiache dawa zao. Kikombe kile kilikuwa na nini? Kilikuwa na mizizi ya mugariga. Na mugariga ni nini? Ni Carissa, kichaka kilekile cha dagamsa letu! Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 2006, watafiti wa KEMRI walikuwa wamechapisha kwa utulivu kabisa kuwa dondoo ya mizizi hiyo ilipambana na virusi vya malengelenge kwenye seli na kwenye panya. Hawakusema inaponya Ukimwi wala kisukari. Walisema walichokiona, kwa virusi walivyovitazama, wakaishia hapo. Karatasi ile haikuvuta hata gari moja.

Na tusiwacheke majirani. Sisi wenyewe mwaka 1990 tulitangaziwa na serikali dawa ya Ukimwi iitwayo Kemron, kwa shangwe na vigelegele. Jaribio kubwa lililofanywa Uganda, ambalo hata madaktari hawakujua nani amepewa dawa na nani amepewa ya kuigiza, lilichapishwa mwaka 2000, nalo likaonyesha kwamba haikusaidia. Hebu fikirieni waliokuwa wakingoja katika ile miaka kumi.

Msije mkasema nawadharau wazee na mitishamba. La hasha! Tu Youyou wa China alianza na kitabu cha kale cha tiba za kienyeji alipotafuta dawa ya malaria. Mmea ulikuwa unajulikana kwa karne nyingi, lakini dondoo za kuchemsha zilikuwa zikimwangusha. Aliposoma tena, akaona kuwa mzee yule wa kale aliloweka mmea katika maji baridi na kuukamua. Akaacha moto, akatumia etha inayochemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 akapata dondoo iliyofanya kazi. Nobel yake ilikuja 2015. Somo hilo liko hapahapa kwenye ndoo yetu: wenzetu waliloweka deka, lakini dagamsa wakalichemsha nusu saa, kisha wakayalinganisha matunda hayo mawili kana kwamba yametendewa sawa. Pengine moto uliua walichokuwa wanakitafuta. Mama aliyewaonyesha vichaka, yule anayeuza maziwa ya ngamia sokoni, angewaambia jinsi kila tunda linavyotayarishwa kwao kama wangemuuliza zaidi ya njia.

Na jina la mama huyo haliko kwenye chati. Mwalimu mkuu yupo, mfadhili wa manila yupo. Kenya ina Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Utamaduni tangu 2016, na mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010 unasema kwamba faida ya viumbe na mimea igawanywe na wale walioitunza na kuijua. Sasa tukisahau jina la mama wa sokoni kwenye karatasi ya shilingi hamsini, tutakuwa na uso gani wa kulalamika kampuni kubwa ikija kuchukua deka zetu kwa magunia?

Maombi yangu kwa chama cha sayansi ni haya, na bado kuna wiki tatu kabla ya maonyesho. Futeni neno DAWA. Andikeni: Je, dondoo za matunda ya porini ya Isiolo huzuia ute wa yai kuganda? Najua halina utamu, lakini ni swali mnaloweza kulijibu mbele ya mwamuzi yeyote bila kutetemeka. Kisha ongezeni tyubu. Ya ute na maji mnayo. Ya ute na dondoo mnayo. Wekeni ya dondoo bila ute, ili rangi ijulikane. Wekeni ya ute na sukari na ndimu, utamu na uchachu ulingane na wa tunda. Karatasi za kupimia uchachu zipo kabatini. Wekeni ya ute na kidonge cha diklofenaki kilichosagwa, ambacho mwalimu akinunue mwenyewe na kukifungia. Dondoo nazo ziwe za makali tofauti, maana kitu kinachofanya kazi kwa kweli huonyesha tofauti ukikipunguza. Rudieni kila kitu mara tatu. Na anayesoma ukungu asiambiwe tyubu ipi ni ipi. Abandikiwe namba tu, aziweke juu ya ukurasa wa gazeti na aseme ni maandishi ya tyubu gani yanasomeka. Mtu anayependa deka yake kama mwenyekiti wenu hafai kabisa kuwa msomaji. Samahani, ndugu mwenyekiti.

Mkiona kuwa sukari na ndimu zimefanya kazi ileile ya deka, liandikeni hilo kwa wino uleule mwekundu. Waamuzi wengine watakunja uso. Wengine, wale wanaojua kazi, watawauliza maswali kwa nusu saa, na hiyo ndiyo sifa. Mkiona deka imeishinda sukari na ndimu mara tatu, na imepungua nguvu mlipoipunguza makali, basi mtakuwa na sababu ya kumwandikia mtu wa chuo kikuu barua ya heshima, mkiambatanisha tawi lililotambuliwa na jina la mama wa sokoni.

Mimi si mwanachama wenu na hesabu zangu za kemia mnazijua, lakini nimejitolea kusoma tyubu, maana sina tunda ninalolipendelea. Mayai nitaleta Alhamisi. Trei moja ina thelathini, na kwa jinsi ute unavyochanganywa na maji hamtamaliza hata manne. Yaliyobaki nimeshazungumza na mpishi.